Makapi ya Sauti ya Besi

Hutaliamini hili ninalotaka kukusimulia, na wala sikulaumu, maana mimi mwenyewe nililiona kwa macho haya mawili na bado kuna siku naamka nikijiuliza kama sikuota. Ni habari ya mwanamke aliyeiweka sauti ya baba yake ndani ya kidude kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni, akaipoteza humo humo, na alipokuwa amekwisha kukata tamaa akapata nyingine ambayo hakuna aliyejua kwamba ipo. Kama una haraka, endelea na shughuli zako, hatutagombana. Kama huna, vuta kiti.

Mwanamke mwenyewe tunamwita Waya. Tangu akiwa mdogo hujapata kumkuta bila waya unaoning'inia mahali, kama si sikioni basi shingoni, kama si shingoni basi mfukoni mwa aproni. Kwa kazi ni dobi. Duka aliachiwa na baba yake angali hai, kwa sababu kaka zake waliuonja mvuke wa pasi siku moja tu wakakumbuka kwamba wana miito mingine maishani. Mimi ni mjomba wake, kaka mdogo wa mama yake, ila humu ndani nitajiita mjomba tu, nisije nikaonekana najisifu. Mahali utakaposoma kwamba mjomba alikuwa mtu wa busara na mwenye sura ya kupendeza, elewa kwamba ukweli ulilazimisha.

Duka lina vyumba viwili. Cha mbele kina kaunta, meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi jeusi, na pasi ya mvuke nzito kama dhamiri ya mwizi. Cha nyuma ndiko zinakotundikwa nguo zilizokwisha kufuliwa: makoti, mapazia, magauni ya harusi ndani ya mifuko, na mablanketi yaliyokunjwa hadi darini. Ukiingia humo ukasema neno, neno linadondoka miguuni pako kama soksi. Halirudi. Nguo zinalimeza lote.

Waya aliligundua hilo akiwa msichana, na hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanzia. Kwenye chumba hicho anatengeneza muziki. Hana mitambo. Ana tableti moja, ambayo wasomi wanaiita kishikwambi, lakini mimi nilisoma mpaka shule ikachoka na mimi, kwa hiyo itabaki tableti. Ana maiki moja aliyoivisha soksi nyeusi ya mteja ambaye hakurudi kuidai. Ngoma zake zote zinatoka dukani: beseni likipigwa kwa ngumi ni ngoma kubwa, kiango cha nguo kikigonga ukingo wa meza ni mkwaju, ule mlio mkavu wa katikati ya mdundo, na ule mpumuo wa pasi, shhh, ndio unaotembeza wimbo. Watu wanacheza nyimbo zake kwenye sherehe bila kujua kwamba wanachezea kufuliwa kwa mashuka.

Lazima arekodi katikati ya wiki, chumba kikiwa kimeshiba nguo. Wikiendi wateja wakichukua zao, kuta zinabaki tupu, na chumba kinaanza kujibu kama birika lisilo na maji. Ukianza wimbo nguo zikiwepo ukaumalizia zimeondoka, utadhani mwimbaji amehamishwa nyumba katikati ya ubeti.

Shida ya tableti ilikuwa tumbo. Sauti ni mzigo mkubwa, na tableti yake ilikuwa ya tumbo dogo, inalalamika imejaa wakati hata ubeti haujaisha. Ndiyo maana akanunua diski ya nje, mtumba, ile ya kizamani inayozunguka ndani na kunguruma kama paka. Diski hiyo ilikuwa mlafi wa umeme. Ukiichomeka kwenye tableti moja kwa moja, inashtuka mara mbili na kulala. Ikabidi atafute kile kidude cha matundu mengi chenye chaji yake: tableti huku, diski kule, na umeme unatoka kwenye waya wa soketi uliolala chini ya meza. Waya huo huo ndio uliolisha pasi.

Sasa tuje kwa baba yake.

Shemeji yangu huyo tulimwita Besi. Sauti yake ilianzia magotini. Alipokuwa kijana akija kumtafuta dada yangu, hakuhitaji kubisha hodi, alikohoa tu barabarani na vikombe vikajisogeza kabatini. Alipiga pasi miaka yote ya ujana na utu uzima wake akiimba wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, wimbo wa kazi, ambao haukuandikwa popote. Ulianza hivi: "Nyoosha taratibu, mwenyewe yuko njiani." Kulikuwa na wateja waliofika mapema kabla ya saa waliyopangiwa, wakakaa kwenye benchi kuusikiliza, halafu wakasingizia kwamba saa zao zinakwenda mbele.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Akanywa asali, akanywa tangawizi, akafunga skafu ya dada yangu. Mwisho akaenda hospitali, na daktari, mtu mpole wa maneno machache, akamweleza kwamba kuna uvimbe kooni, na ili abaki hai itabidi kile kisanduku cha sauti kitolewe chote. Atapumua kupitia tundu shingoni. Atakula, atatembea, atapiga pasi. Hatasema.

Besi alirudi dukani akapiga pasi suruali mbili bila kuimba. Halafu akamwita binti yake.

"Waya, hilo lisoksi lako bado linafanya kazi?"

"Linafanya, Baba."

"Basi niweke humo kabla hawajanimwaga."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Katikati ya wiki, mchana, duka likiwa limefungwa nusu mlango, Besi alisimama kati ya makoti na kuimba. Mama yake Waya alikaa kwenye kigoda karibu na mapazia, mikono mapajani. Mjomba naye alihudhuria, maana shughuli yoyote ya maana inahitaji mtu mwenye sikio. Alitolewa nje mara kadhaa kwa sababu ya viatu.

"Baba, sema chochote nipime sauti."

"Chochote."

"Baba, sema kitu kirefu."

"Shemeji yangu anapoelezea namna alivyoshinda mbio za shule."

Alikuwa anachoka upesi. Anaanza mstari, sauti inakatika, anakohoa, anatukana kidogo, ananywa maji, anaanza tena. Lakini ubeti ukimnyookea, ulinyooka. Waya akiwa na vipokea sauti masikioni alikuwa anafumba macho, na mkono wake unapapasa meza kana kwamba unatafuta mkunjo na haupati. Kidogo kidogo wimbo ukakamilika, beti zote na kiitikio, safi, bila kikohozi hata kimoja.

Siku moja kabla ya Besi kulazwa, Waya alikuwa na kazi nyingine ya mtu, wimbo wa harusi uliotakiwa kesho yake, na tableti ikamgomea: imejaa. Akaona ndio wakati mzuri wa kuupeleka wimbo wa baba kwenye diski, pahali pa usalama, kisha aufute kwenye tableti apate nafasi. Akaunganisha nyaya zake, akachagua mafaili yote, akayatuma.

Mzigo ukiwa unasafiri, kwenye kona ya kioo huwa kuna kiduara kidogo kinachojaa polepole. Ni kidogo hivi, kama tundu la kifungo. Na kuna tabia moja ya vyombo hivi ambayo hakuna aliyewahi kumwambia: majina hutangulia. Faili halijafika, ila jina lake limeshaandikwa kule linakokwenda, kama mgeni anayetuma koti lake mbele. Waya akafungua diski akayaona majina yote yamejipanga: ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, kiitikio. Akaamini. Akafuta ya kwenye tableti, na kwa vile alihitaji nafasi hapo hapo, akaingia mpaka kwenye pipa la tableti akalimwaga.

Mlango ukasukumwa. Mteja, mbio mbio, suti ina mkunjo mgongoni kama barabara, na anasubiriwa kwenye mkutano. Mkono wa dobi ukiona suti imekunjamana hauombi ruhusa kwa kichwa. Waya akainama, akachomeka pasi.

Swichi kubwa ya ukutani ikaanguka. Duka likawa kimya, hata diski ikaacha kunguruma.

"Aa, umeme huu nao," akasema, akaipandisha swichi, akachomoa kile kidude mpaka pasi imalize, akainyoosha suti, mteja akaondoka akishukuru. Baadaye akaichomeka diski. Ikaamka. Majina yote yalikuwepo. Akashusha pumzi. Hakulifungua hata moja.

Jioni Besi alimuuliza, kwa ile sauti iliyobaki, "Umeniweka vizuri?"

"Nimekuweka, Baba. Uko salama."

Akamshika bega, akaenda zake kufunga mfuko wa hospitali. Dada aliniambia alilala usingizi mzito usiku huo, na asubuhi aliingia kwenye chumba cha upasuaji bila kugeuka nyuma. Nataka uliweke hilo moyoni, kwa sababu Waya alilibeba kwa muda mrefu. Baba yake alitulia kwa sababu ya neno lake yeye.

Aliporudi nyumbani alikuwa amepungua, na shingoni ana kitambaa kidogo cheupe cha kufunika tundu. Kitambaa hicho alikipiga pasi mwenyewe kila siku, na alikataa kabisa kusaidiwa. Alirudi dukani mapema kuliko alivyoruhusiwa. Alichukua ile chaki wanayotumia kuzungushia madoa kwenye nguo, akawa anaandika maneno yake juu ya blanketi jeusi la meza, kisha anayafuta kwa kiganja. Maneno yake ya kwanza yalikuwa kwa mjomba: SASA UTASHINDA KILA UBISHI. Tulicheka, halafu kila mtu akatafuta kitu cha kuangalia.

Wiki hiyo Waya akakaa chumba cha nyuma, akaunganisha diski, akafungua ubeti wa kwanza ili aanze kuupanga na ngoma.

Kimya.

Akafungua wa pili. Akaongeza sauti. Akabadilisha vipokea sauti, akaondoa vumbi kwenye tundu la waya, akaizima tableti na kuiwasha. Wa tatu. Kiitikio. Majina yapo, mistari ya sauti hakuna, kila faili limenyooka kama shuka la hospitali. Akakaa chini kati ya makoti ya watu, na mteja aliyefika kaunta akaita hodi mpaka akachoka.

Akaipeleka diski kwa fundi wa kompyuta. Fundi akaihangaikia siku nzima, akaijaribu kwenye mashine zake zote, mwisho akamrudishia taratibu, kwa mikono miwili.

"Dada, haya ni maboksi yenye majina. Ndani hamkuwahi kuingia kitu. Tableti nayo umeshairekodia kazi nyingine juu yake. Hukuweka pengine?"

"Sikuweka."

"Ulikuwa wimbo wa mteja?"

Waya alifunga diski kwenye leso kana kwamba ingepata baridi.

Kumwambia baba yake akashindwa. Besi aliandika kwenye blanketi: NATAKA KUJISIKIA. Waya akasema tableti inachaji. Siku nyingine akaandika tena, na Waya akasema, "Bado naunyoosha, Baba, una mikunjo." Besi akatabasamu, hilo neno la kidobi likampendeza. Akangoja. Akangoja wiki, na nyingine. Mpaka siku moja alikuja, akamsogeza binti yake pembeni ya pasi, akaandika kwa herufi ndogo kuliko kawaida yake:

NIMEANZA KUISAHAU.

Waya akaiweka pasi kwenye kisahani chake.

"Baba, haipo."

Besi akainua nyusi.

"Sauti. Majina yapo, sauti haipo. Nilifuta mimi mwenyewe, nikadhani imeshafika. Nikachomeka pasi, umeme ukakatika. Nilikwambia uko salama na sikuwa nimefungua hata faili moja kuangalia. Nimekudanganya, Baba, na nimekudanganya wiki zote hizi."

Mzee akaitazama pasi. Akautazama mkono wa binti yake, ule wa kulia. Akachukua chaki akaishika kama mtu anayetaka kuandika, na hakuandika. Akayafuta yale maneno yake kwa kiganja, akafuta, blanketi likawa safi naye bado anafuta. Kisha akachukua kofia yake akatoka.

Hakuja dukani kesho yake, wala siku zilizofuata. Waya alimpigia mama yake simu.

"Yukoje?"

"Amelala ameelekea ukutani."

"Amesema nini?"

"Atasema na nini, mwanangu?" Dada hakuwa na nia mbaya. Ni swali tu lilimtoka. Lakini Waya alikata simu akaenda kusimama kwenye mapazia, na mjomba alipoingia na kichekesho chake tayari mdomoni, akamwinulia kiganja.

"Leo hapana, Mjomba."

Mjomba akakaa kwenye benchi la wateja na akanyamaza. Unaweza kuuliza mtaani, halikuwahi kutokea.

Kazi ya watu haisubiri huzuni ya mtu. Kuna vijana walilipia wimbo, na wimbo ulihitaji ule mkwaju wa kiango kwenye meza. Milio ya namna hiyo Waya anaiweka kwenye flashi ndogo ambayo haitumii kwa kitu kingine. Akisafisha kazi yoyote, vile vipande anavyovikata, vikohozi, viti vinavyosogezwa, maneno ya katikati, milango, havitupi. Anavisogeza kwenye folda aliyoiita Makapi, kwa sababu huwezi kujua lini mlango unaolia utakuwa filimbi. Ni uchoyo wa kidobi, wa mtu anayehifadhi hata vifungo vilivyodondoka.

Basi akaichomeka flashi kwenye tableti, akafungua kipande cha juu kabisa akitafuta kiango. Ndani ya masikio yake mtu akasema:

"Waya, hiyo taa nyekundu imewaka au nimeshakuwa kipofu pia?"

Akavivua vipokea sauti kama vimemuunguza. Halafu akavivaa tena.

Vilikuwepo vingi. Alikuwa amevikata siku zile zile za kurekodi, kimoja kimoja, ili wimbo ubaki safi, akavitupa huku bila kuvifikiria tena. Besi akikohoa. Besi akiomba maji. Besi akisema, "Mwambie mjomba wako atoke, viatu vyake vinalia kuliko mimi." Besi akimwambia mkewe, "Mama, sogeza kigoda huku. Nikiimba bila kukuona nakosa pa kuangalia." Besi akianza wimbo, "Nyoosha taratibu, mwenyewe yuko—" na sauti inakatika, anatukana. Akianza tena, anakatika mbele kidogo. Akianza tena. Mianzo ilikuwa tele, mwisho hakuna hata mmoja. Alipokosea, kosa lilikatwa likapona. Alipopatia, alichopatia kiliwekwa mahali pa heshima kikapotea.

Na katikati ya makapi hayo kulikuwa na kipande kirefu. Kinaanza na kikombe kuwekwa chini. Kisha Besi, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

"Hivi daktari akishaitoa, huwa wanaiweka wapi?"

Kimya. Unasikia mvua nje, au labda ni pasi.

"Wanaitupa?"

Kimya tena, kirefu. Halafu sauti ya Waya mwenyewe, nyembamba, yenye haraka: "Tuanze tena, Baba. Nyoosha taratibu."

Hilo hakulikumbuka kabisa. Aliulizwa, akakwepa, akakata swali akalitupa kwenye makapi. Alilia hapo mpaka soksi ya maiki ikalowa.

Kulipokucha akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa baya. Mianzo anayo, maneno anayo, vipande anavyo. Kwa mkono wake ulivyo mwepesi angeweza kuchukua neno hapa na neno pale, kuyaunga, kuyapiga pasi, akampelekea baba yake wimbo mzima na kumwambia fundi ameuokoa. Alianza. Akaunganisha mistari miwili, akaisikiliza. Ilikuwa kama shati lililoshonwa kwa kola tupu. Isitoshe, alikuwa ameshamwambia mzee "uko salama" mara moja. Akaifuta ile kazi, na safari hii alijua anachokifuta.

Akawapigia simu waje dukani. Besi akakataa. Dada akamvalisha kofia, akamshika mkono kama mtoto wa shule, wakaja. Mjomba alikuwapo tayari, viatu mkononi.

Waya akawakalisha chumba cha nyuma, kati ya makoti. "Baba, wimbo haukupatikana. Sikudanganyi tena. Haya ni makapi, vitu nilivyovikata. Vingine hutavipenda. Ukisema nizime, nitazima."

Akabonyeza.

Besi alipojisikia akikohoa alikunja uso, akaanza kuinuka. Alikuwa mtu wa kujiheshimu, aliyetaka akumbukwe kwa ubeti uliotulia, si kwa vikohozi. Dada akamshika mkono wa koti, wala hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza mwanaume anayemwambia asogeze kigoda. Machozi yalimtiririka hayafuti.

"Rudisha," akasema. "Hapo pa kigoda."

Waya akarudisha. Besi akakaa.

Kilipofika kile kipande cha daktari, swali likapita. Kimya kikapita, na "Tuanze tena, Baba." Waya akazima.

"Uliniuliza nikakukimbia," akasema. "Sijui, Baba. Sijui wanaiweka wapi. Nilitakiwa kukwambia hivyo tu, kwamba sijui, na nikae na wewe."

Besi akatafuta chaki mfukoni. Hapakuwa na meza, akaandika kwenye paja la suruali yake nyeusi iliyonyooka: NILIJUA HUJUI. Akaongeza chini yake: NILITAKA KUSIKIA NIKIULIZA. Akaonyesha kwa kidole: endelea.

Ikafika mianzo. "Nyoosha taratibu, mwenyewe yuko njiani—" na kikohozi. Kikohozi kikaisha, na kutoka kwenye kigoda sauti ndogo ikamalizia mstari: "Akija akiuliza, mwambie iko tayari."

Alikuwa dada. Nimekua naye, na naapa sikuwahi kumsikia akiimba, kwa sababu ana sauti ya bawaba, na yeye mwenyewe analijua hilo. Lakini maneno yote alikuwa nayo. Miaka yote hiyo alikaa nyuma ya duka akishona vifungo, wimbo unamwingia. Alipogundua sauti imemtoka akafunika mdomo.

Besi akagonga mbao za rafu kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena, kwa mdundo. Imba.

Waya akaiwasha taa nyekundu ya kurekodi. Kwa spika ndogo Besi anaanza, anakatika, anakohoa, na pale anapokatikia mkewe anapokea, hovyo kidogo, juu ya noti au chini yake, na mzee huyo huyo, mzima, amekaa pembeni anashikilia mdundo kwa kifundo. Vikohozi havikukatwa. Walifika mwisho wa wimbo, mwisho ambao tulidhani umepotea.

Baadaye Waya aliufunga mlango wa duka, akaitoa pasi kwenye soketi na kuipeleka mbali, juu ya kabati. Akayanakili makapi na ule wimbo kwenye diski, akanakili kwenye flashi, na kwenye tableti hakufuta kitu. Kiduara kikajaa mpaka mwisho akikitazama. Kisha akafungua kila nakala akaisikiliza yote, tangu kikombe kinachowekwa chini hadi kifundo cha mwisho. Wateja wawili walisubiri nje na nguo zao mikononi. Besi alisimama dirishani akawainulia kiganja: ngojeni.

Na hapa ndipo pasipoaminika. Wakati dada anaimba, mtaa mzima ulisimama. Madereva walizima magari, askari wa barabarani akavua kofia, yule daktari mpole aliyekuwa anapita akaegemea ukuta analia kama mtoto, na mjomba, kwa kuona wimbo unapungukiwa nguvu upande wa chini, akajitokeza akaupokea ubeti wa mwisho kwa sauti nzito, tamu, ambayo hata Besi mwenyewe aliposikia—

"Mjomba. Umeandika nini hapo?"

"Nini? Naandika kilichotokea."

"Mjomba, ulikuwa umelala. Juu ya mashuka ya watu. Unakoroma kuanzia ubeti wa pili hadi mwisho, na nilipotaka kukukata kwenye rekodi, Baba akanishika mkono."